Nilisema Nasafiri Peke Yangu, Wakaikaza kwa Watu Wawili

Nilidhani hasira ingepoa kabla sijaandika, lakini kila ninapoushika mpini wa klachi uliopinda inarudi upya. Karakana ninayoisema iko Dar es Salaam na inajinadi kwa kuandaa pikipiki za safari ndefu. Nilipeleka yangu miezi michache iliyopita, nikaeleza kwa kirefu kwamba nakwenda Mbeya peke yangu, na kwa hiyo nataka siti ya abiria itolewe na mahali pake pawekwe keria, masanduku ya pembeni yakae chini na karibu na dereva, na shokapu ya nyuma ipimwe kwa uzito wangu na mizigo yangu. Fundi mkuu aliitikia "sawa, dada" kwa kila jambo, akaandika daftarini, nami nikalipa hadi senti ya mwisho.

Nilipoipanda nikaona ninagusa sakafu kwa ncha za vidole, na ilipoegemezwa kwenye stendi ya pembeni ililala kupita kawaida. Nikauliza. Nikajibiwa kwamba itashuka yenyewe nikishapakia mizigo.

Ilishuka kidogo mno. Kila tuta la vijijini, kuanzia Chalinze hadi Mikumi, lilinirusha kutoka kwenye siti, kwa sababu springi ya shokapu iliyokazwa kupita uzito inayoubeba haiwezi kulifuata tuta, bali hulirudisha lote mgongoni mwa dereva. Hayo ningeyavumilia. Mlimani Kitonga lori lililokuwa mbele yangu lilisimama ghafla kwenye kona, nikalazimika kusimama mahali ambapo lami imelalia upande. Mguu ukatafuta ardhi, ukaikosa, na pikipiki ikaenda chini pamoja na masanduku yote. Anayesafiri na mwenzake humwambia ashike upande wa pili wainue. Mimi nilibaki nimesimama kando yake, malori yakipiga honi nyuma, mpaka utingo mmoja aliporuka chini na kunisaidia, tena bila kuuliza swali hata moja.

Iringa nilimpata fundi wa bodaboda mwenye spana ya ndoano na futi ya kupimia. Alipima kutoka kwenye ekseli hadi chini ya siti, kwanza tairi la nyuma likiwa limening'inia, kisha nikiwa nimekaa na mizigo yangu yote, akailegeza springi hatua kwa hatua hadi tofauti ya vipimo hivyo ikafika karibu theluthi ya umbali wote ambao tairi hilo linaweza kupanda na kushuka. Muda wote ule chai yangu haikupoa. Soli zote mbili zikagusa chini.

Nikampigia simu fundi mkuu. Sikutarajia aniombe radhi, ila sikutarajia na hili: "Aa, dada, nilikaza ya watu wawili. Nilijua shemeji atapanda, safari ile mwanamke haendi peke yake." Shemeji yupi? Na angekaa wapi, juu ya keria aliyoichomelea yeye mwenyewe mahali pa siti? Mtu anaandika maelezo ya mteja kwenye daftari, kisha anayafuta kichwani kwa sababu hayakufanana na dunia anayoifahamu!

Nilikuwa nimeamua kusema hapa kwamba mtu yeyote asikanyage pale. Lakini keria ile, na vyuma vya kukinga injini, vilianguka kwenye lami ya Kitonga na mzigo mzima bila kupata hata ufa, na masanduku yalikaa mahali pake hadi Mbeya na kurudi. Aliyechomelea ni kijana mmoja mkimya wa karakana hiyohiyo, na sijaona kazi safi kama yake hapa mjini. Basi nendeni, mumtafute yeye, na shokapu mumpe fundi mwingine. Au msiende kabisa. Nikiikumbuka ile "shemeji atapanda" naona hata keria nzuri haistahili kulipiwa pale. Fedha ya kupima shokapu bado naidai.