Miaka miwili ya kujitengenezea risasi za .38 gerejini: pesa niliyookoa na pesa niliyodhani nimeokoa

Mara ya mwisho niliponunua risasi za dukani hapa Texas, sanduku la risasi 50 za bastola, saizi ya .38 Special, lilikuwa dola 30 kabla ya kodi. Nilikuwa naenda uwanja wa shabaha Jumamosi moja nakwenda, moja napumzika. Masanduku mawili yanaisha hata mkono haujazoea kifyatulio. Mimi ni dereva wa lori, nimezoea kupiga hesabu ya senti kwa maili, basi siku moja nikapiga hesabu ya senti kwa mlio: senti 60. Pa, senti 60. Pa, senti 60. Ukikosa shabaha ni hizo hizo.

Ndipo nilipoamua kujitengenezea. Kabla sijaendelea niseme wazi kwamba haya ni mambo ya huku. Marekani sheria ya taifa haidai leseni ukijitengenezea risasi za kutumia mwenyewe. Ukianza kuuza, hapo leseni ni lazima. Nyumbani Tanzania silaha na risasi ziko chini ya sheria ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la kukupeleka ndani. Ndugu zangu wa Tanga mnaosoma, kwenu hii ni hadithi tu.

Risasi nzima ni vitu vinne: ganda la shaba, fataki ndogo kitakoni mwa ganda, baruti ndani, na kichwa juu. Ganda halifi kwa mlio mmoja. La .38 linarudi kazini mara kumi na zaidi kabla mdomo haujapasuka, na uwanjani watu wanayaacha chini kama maganda ya karanga. Kwa hiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote ndicho kinachookotwa bure. Hiyo ndiyo siri nzima ya biashara hii.

Nilinunua presi ya Lee ya kituo kimoja, yaani inayofanya hatua moja kwa wakati, ile ya kufunga mezani kwa boliti. Lee ni kampuni ya Hartford, Wisconsin. Richard Lee aliianza mwaka 1958 na tangu hapo sifa yake ni kuuza vitu vya bei ya chini kwa watu kama mimi. Presi yenyewe ni mkono mrefu wa chuma, ukiushusha nguzo inapanda na kulisukuma ganda ndani ya dai, yaani lile bomba nene linalolirudishia umbo. Madai ya .38 nilichukua yenye pete ya kabaidi, metali ngumu sana, na hapo nakushauri usibane pesa. Ganda lililonyooka kama hili halihitaji kupakwa mafuta likiingia kwenye kabaidi. Linaingia kavu na kutoka kavu. Dai la chuma cha kawaida ungelipaka, ungelifuta, na Jumapili yako ingeishia hapo.

Katika miaka miwili presi haijanisumbua. Ni ya polepole, hilo ulijue. Ganda moja linapita mkononi mwako mara nne au tano: kutoa fataki iliyokwisha na kulibana, kuupanua mdomo kidogo, kutia fataki mpya, kumimina baruti, kukalisha kichwa na kuukaza mdomo. Risasi mia moja zinanichukua saa moja na nusu bila kuhesabu kuosha maganda. Kuna mashine zinazozunguka na kufanya yote kwa mkono mmoja, na mwenye kupiga risasi mia tano kwa wiki atazihitaji. Kwa anayeanza nasema anza na kituo kimoja, maana macho yako yanaona kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Mizani ndiyo iliyonikera. Nilinunua ya elektroniki mtandaoni, ndogo kama simu, bei ya kutupa. Kiyoyozi kikiwaka, namba zinatembea. Naweka uzito ule ule wa majaribio, sasa inasoma hivi, baada ya dakika inasoma vingine. Baruti inapimwa kwa greni, na greni 7,000 ndiyo ratili (paundi) moja, kwa hiyo mizani inayotembea si kitu cha kuvumilia. Nimeitia kabatini, nikanunua ya mkono wa kuning'inia isiyo na betri. Kiasi cha baruti sitakiandika hapa wala usikichukue kwa mtu yeyote aliyekiandika popote. Kinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti ile ile unayoishika mkononi, unaanzia chini, basi.

Sasa hesabu. Fataki 1,000 nililipia kama dola 80 pamoja na kodi, yaani senti 8 kila moja. Baruti haifiki senti 3 kwa risasi. Ganda bure. Ukinunua vichwa vilivyo tayari vinaanzia kama senti 12, na akiba inaanza kuyeyuka. Hapo ndipo kila mtu anajikuta anatazama chungu cha kuyeyushia.

Kiswahili chetu kinachekesha hapa. Madini ni risasi, na kinachotoka bundukini nacho ni risasi. Wazee wa pwani walikuwa na maneno yake tayari, kusubu, yaani kumimina madini yaliyoyeyuka yapate umbo, na kalibu, yaani chombo cha kuyamiminia, na mimi nimekuja kuyatumia kwa vitendo Texas. Si mara yangu ya kwanza kuona kazi hiyo. Mjomba wangu alikuwa mvuvi, akiyeyusha risasi kwenye kopo la maziwa juu ya mafiga, anamimina kwenye matundu ya mchanga kupata chubwi za mshipi. Alikuwa anaitoa kwenye betri kuukuu za magari. Leo najua kwamba hicho ndicho chanzo ambacho hupaswi kukigusa kabisa, kwa asidi yake na gesi zake.

Mimi naipata kwa fundi tairi. Vile vipande vinavyopachikwa kwenye rimu wakati wa kubalansi, vilivyotolewa, anavirundika kwenye ndoo. Nilimpa dola 40 kwa ndoo ya lita 20 ambayo mwenyewe sikuweza kuinyanyua. Furaha ikapungua nilipoanza kuchambua: vingi siku hizi ni zinki na chuma. Unakibana kila kimoja kwa koleo; risasi inakubali jino, zinki inakataa. Zinki ikiingia chunguni imeharibu chungu kizima, kimiminika kinakuwa kizito kama uji uliopoa. Bahati nzuri risasi inayeyuka nyuzi 327 na zinki 419, kwa hiyo ukilinda moto usipande sana, zinki iliyokuponyoka inaelea juu, unaiopoa na kijiko. Ndoo ile ilinipa kama kilo 25 safi. Kichwa changu kina greni 158, kwa hiyo kilo moja inatoa kama vichwa 97. Fanya mwenyewe: kichwa kinaangukia kama senti 2, hata nikiongeza bati kidogo ili kimiminika kijae vizuri kwenye kalibu.

Jumla senti 13. Sanduku la 50 dola 6 na nusu, dhidi ya 30. Vifaa vyote pamoja na chungu, kalibu na mizani mbili (ile ya upuuzi naihesabu) vilinigharimu kama dola 430. Vilijilipa kwenye sanduku la kumi na tisa.

Na kusubu kwenyewe nakupenda kuliko kupiga shabaha, nakiri. Chungu kinawaka nje ya mlango wa gereji, upepo ukiwa mgongoni. Unarushia maranda kidogo, yanawaka, unakoroga, uchafu wa kijivu unapanda juu unauchota. Chini yake pako kama kioo. Vichwa ishirini vya kwanza vinatoka na mikunjo kama uso wa mtoto mchanga, kwa sababu kalibu haijapata moto. Vyote vinarudi chunguni. Kisha kalibu inakubali. Unamimina, tone la juu linang'aa, unahesabu, linafifia ghafla kama jicho lililofumbwa, unagonga bamba la juu ya kalibu kwa nyundo ya mti, unafungua, na kichwa kinaangukia kitambaani kikilia tik. Kikitoka na weupe wa ukungu, moto umezidi, pumzika kidogo. Chungu nilichonunua kina bomba chini, na bomba hilo linadondosha. Halijawahi kuacha kudondosha. Nimelisafisha, nimelisugua, nimelibembeleza, na bado kila kikao naondoka na kilima kidogo cha risasi kwenye sinia.

Maji ndiyo adui. Agosti moja niliongeza vipande kwenye chungu kilichokwisha kuyeyuka, na kimoja kilikuwa na unyevu ambao sikuuona. Tone la maji likizama chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara elfu moja na mia sita. Chungu kilitapika. Nilikuwa na ngao ya uso, glavu za ngozi na mikono mirefu kwenye joto lile la Texas, na ngao ile hadi leo ina madoa ya fedha usawa wa jicho la kushoto. Sasa vipande vyote vinaingia chungu kikiwa baridi, vinakauka vyenyewe moto ukipanda. Na jasho la paji la uso nalifunga kwa kitambaa.

Kosa langu baya zaidi halikuwa la moto, lilikuwa la simu. Mwezi wa tatu nilikuwa namimina baruti, simu ikaita kutoka Tanga, kamati ya harusi, mchango. Nimeahidi, nimekata, nimeendelea. Jumamosi uwanjani, mlio wa nne haukusema "pa", ulisema "tu". Kwenye karatasi hakuna tundu. Nashukuru nilisimama. Ganda halikuwa na baruti. Fataki peke yake ilikisukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu. Ningebonyeza tena, kichwa cha pili kingekikuta cha kwanza mle ndani.

Mzee mmoja aliyekuwa meza ya jirani alikitoa kwa fimbo ya shaba na nyundo, polepole, kisha akanipa somo ambalo kitabuni nilikuwa nalo lakini sikulisoma kwa makini. Ganda la .38 Special ni la mwaka 1898, lilirithi ukubwa wa zama za baruti nyeusi iliyojaza ganda. Baruti ya leo ni kidogo tu kule chini. Ndiyo maana ganda tupu na ganda lililomiminwa mara mbili yote yanaweza kukaa mbele yako yakionekana ya kawaida, na lile la mara mbili ndilo linalopasua silaha. Tangu siku ile nayapanga maganda 50 kwenye kibao chenye matundu, na kabla ya kukalisha kichwa hata kimoja namulika tochi kila tundu. Simu inabaki sebuleni. Harusi zisubiri.

Mke wangu ni wa Mombasa, na alipoona chungu alisimama mlangoni. "Baba Zuu, hujasikia ya Owino Uhuru wewe?" Nilikuwa nimesikia. Kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu wa mtaa ule sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama ya pale Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Sikuwa na jibu, kwa hiyo nilikwenda kupima damu. Baada ya mwaka mmoja wa kazi hii ilisoma mikrogramu 7 kwa desilita. Kwa mtoto, CDC, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, huanza kufuatilia kuanzia 3.5, na mimi nina mtoto ndani ya nyumba.

Nilidhani ni chungu. Daktari aliuliza maswali mengine: unaosheaje maganda, unapiga ndani au nje? Maganda nilikuwa nayazungusha kwenye chenga za magunzi makavu, na kila nikifungua kifuniko vumbi linapanda puani. Vumbi lile ni mabaki ya fataki, na fataki za kawaida zina risasi ndani yake. Uwanja wangu nao ulikuwa wa ndani, hewa nzito. Sasa naosha kwa maji na sabuni kwenye pipa la kuzunguka, napiga uwanja wa nje, sili wala sinywi chochote gerejini, nguo na viatu vya kazi haviingii ndani. Kipimo cha juzi ni 4. Mama Zuu anataka 2.

Kama ungeniuliza nimeokoa kiasi gani, ukweli ni kwamba kwa mwezi natumia karibu pesa ile ile. Zamani nilipiga risasi mia mbili, sasa napiga mia nane. Mkono umetulia, karatasi za hatua 25 zimeanza kuonyesha matundu yanayogusana, lakini benki haijui habari hiyo. Ukiwa unapiga sanduku moja kwa mwezi, nenda dukani, usijisumbue. Ukiwa huna pa kufanyia nje ya nyumba, au una mtoto anayetambaa, nunua vichwa vilivyo tayari na uache chungu. Na ukiwa mtu wa kufanya mambo mawili kwa pamoja, acha yote.

Hivi karibuni nimeacha kupaka vichwa nta na nimehamia rangi ya unga: unavitikisa kwenye kopo la plastiki hadi vishike rangi, unavioka dakika 20 kwa nyuzi 200. Moshi umepungua sana, mtutu unabaki safi. Oveni niliyotumia ni ile ndogo ya zamani ya jikoni, na haitarudi jikoni tena. Zuu mwenyewe ameiandika mlangoni kwa kalamu nyekundu: SI YA MKATE.