Kozi ya Linux kwa wanaoanza, inayofundishwa na mtu asiyetaka wanaoanza

Mpangilio wa masomo ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, mtausoma kwenye tangazo lao. Mimi nina jambo moja tu, nenosiri.

Siku tuliyofungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, tuliambiwa tuandike sudo apt update, amri ya kusasisha orodha ya programu. Nikaandika, kompyuta ikadai nenosiri. Nabonyeza, hakuna kitu. Si nyota, si nukta, kishale hakisogei hata kidogo. Nafuta, naanza upya, nagonga kwa nguvu, wapi! Ukitoka Windows umezoea kuona vidoti, kwa hiyo akili inakwambia kibodi imekufa. Nikauliza kwenye kundi, tena kwa adabu: "Samahani mwalimu, nenosiri haliandikiki, nifanyeje?"

Akanijibu: "Kama hata hili linakushinda, rudi ulikotoka." Na emoji ya kucheka juu yake. Wapambe wake nao wakafuata kwa vicheko.

Jamani! Jibu ni sentensi moja. Nenosiri limefichwa makusudi, ili anayekuchungulia asijue hata lina herufi ngapi. Liandike lote, bonyeza Enter, basi. Mwanafunzi mwenzangu ndiye aliyenieleza, faraghani, maana pale kundini kila mtu alishaogopa kuuliza. Na wala si sheria ya mbinguni: Linux Mint, toleo mojawapo la Linux, inaonyesha nyota ukiandika. Yaani kuna waliolifikiria tatizo hili wakalitatua, halafu yeye analicheka.

Tangu hapo sikumvumilia tena. Alitumia muda mrefu kutusimulia Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, na mwaka 1991, sawa, historia nzuri, lakini hakusema kwamba ukifuta faili kwa amri ya rm haliendi kwenye pipa la taka, limekwenda moja kwa moja. Hakusema kwamba Picha kwa herufi kubwa na picha kwa herufi ndogo ni folda mbili tofauti. Hakusema kwamba ndani ya terminali Ctrl+C hainakili, inakatisha amri inayoendelea. Kunakili unaongeza Shift. Mwenzetu mmoja alitaka kunakili maandishi huku programu inasakinishwa, akaikata katikati. Naye alichekwa, bila shaka.

Sasa niwe mkweli, ingawa inaniuma: somo la flashi ni zuri mno. Unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi, unaujaribu mfumo mzima bila kugusa diski yako, unahakikisha Wi-Fi, sauti na printa vinakubali ndipo uamue kusakinisha. Pia kile kitufe cha Tab! Unaandika herufi chache za jina la faili, kinamalizia chenyewe. Sijui niliishije bila hicho. Linux yenyewe nimeipenda, sirudi nyuma, na kwa somo lile nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu.

Lakini tatu za nini? Somo la flashi linajitosheleza kwenye maelezo ya bure ya Ubuntu, toleo jingine la Linux, na hayana kiburi. Unayemlipa mkufunzi unamlipia subira, na huyu hana. Mbili. Hapana, moja, na hiyo ni ya yule mwanafunzi aliyenisaidia.

Nyongeza: nimewaandikia malalamiko. Wamenijibu kwa kunitumia kiungo cha kozi yao ya pili, "kwa waliobobea", na fomu ya malipo.