Kurant ya jua yenye iko na grupu nyuma, nyota 4 juu ya 5

Miezi nane sasa nalipa kurant kwa hawa wa avenue yetu hapa Goma, wale walitandika paneli juu ya hangari na kuvuta nyaya mpaka kwa maduka kama kumi na tano hivi, na naandika juu watu wananiuliza kila siku kama iko muzuri ao wanakula tu makuta.

Mimi nauza kuku na samaki ya barafu, niko na konjelatere 2. Zamani nilikuwa na kagrupu kangu ka esansi, moshi unaingia kwa mama wa pembeni tunagombana, na kelele, kliya akiuliza bei unamujibu na vidole.

Sasa hawa, mchana kurant imenyooka, haichezi. Usiku batri zinabeba, lakini mvua ikinyesha siku mbili za kufuatana, kama Novemba ile, saa nane ya usiku batri zinaisha na grupu ya mazutu inawaka yenyewe. Samaki yangu haijui hata kama kuko kitu kimepita!!

Na hapa njo nawagombeza: kwa kibao wameandika "jua tupu". Jua tupu gani na grupu tunaisikia wote? Nilienda kuuliza, kijana wa mashini akaona haya kidogo, kisha akanielezea muzuri kuliko patro wake: batri za kushika siku tatu bila jua zingefanya bei hakuna mutu wa kuilipa, njo maana wameweka za usiku mumoja tu, pengo inazibwa na mazutu. Tena hawaiwashi kwa kazi ndogo, juu grupu kubwa ikibeba muzigo mudogo inakula mafuta bure na masizi inajaa ndani, kwa hiyo ikiwaka inalisha maduka na kujaza batri pamoja, kisha inazimwa. Daftari yake nimeiona, Julai mazutu karibu hakuna.

Rafiki yangu anasema yote hiyo ni uchafu, tungojee kurant ya maji ya Matebe, ile barrage ya kule Rutshuru, ifike kwetu. Sawa, angoje, kuku zangu haziwezi. Ng'ambo kule Rwanda KivuWatt, ile santrale ya kurant, inachoma metani, gazi ya ndani ya ziwa hii hii yetu ya Kivu, tangu 2016, megawati 26, usiku na mchana, sisi upande huu tunavua sambaza.

Nyota moja nimekata juu ya bei, mazutu ikipanda wanapandisha kesho yake, ikishuka wanakuwa bubu. Na ile kibao wafute.