Programu Hii Inataka Nyota Kabla Sijafungua Boksi!

Haya, mko salama? Karibuni tena. Leo sichambui simu wala spika. Leo nachambua kitu cha kuchambulia vitu: programu ya kupangia uchambuzi wa bidhaa. Nimeinunua kwa hela yangu, kwa hiyo nikilalamika mnivumilie.

Mambo ya ukubwa wake na inafanya kazi kwenye simu ipi mtayaona pale inapopakuliwa. Mimi nataka mwone kitu kimoja tu. Tazameni skrini. Nafungua ukurasa mpya. Naandika jina: pawabenki. Nabonyeza endelea. Mmeona? "Unaipa nyota ngapi?" Jamani, boksi hili hapa, hata gundi haijabanduliwa! Natafuta pa kuruka... hakuna. Narudi nyuma, imefuta jina. Naanza upya, nyota tena. Haya, tatu. Sasa imenitungia na kichwa: "Bidhaa ya wastani." Ya wastani kwa nani?

Mnaoanza, hapa ndipo mnapoharibiwa. Ukishatangaza nyota, kila utakachokiona baadaye utakivuta kifanane nazo.

Sasa daftari langu hili, la karatasi. Maswali haya niliyaandika jana. Anayeinunua pawabenki hii ni nani, msafiri wa kutwa nzima au mtu wa kukatikiwa umeme usiku? Simu yangu itajaa mara ngapi? Hili nimelipigia mstari, maana boksi linasema mAh 10,000, yaani kiasi cha umeme inachobeba, na namba hiyo huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani. Kwenye tundu la USB umeme kwa kawaida unatoka kwa volti 5. Zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 5: mAh 7,400, na bado hujatoa unaopotea kama joto. Kwa hiyo usiniandikie "inachaji vizuri." Niambie simu gani, kutoka asilimia ngapi, mara ngapi. Hapo hata mimi naweza kujaribu nyumbani nikakukamata umedanganya.

Nimeiponda sana programu hii, eh? Ina jambo moja zuri, siwezi kulificha: siku ya 30 inakukumbusha urudi kwenye uchambuzi wako, useme kama kitu bado unakitumia. Daftari langu halijawahi kunikumbusha chochote. Mpinzani wake, ile programu ya buluu mnayonitajia kila siku kwenye maoni, hailazimishi nyota, ila inalipiwa kila mwezi. Ulipe kila mwezi na uchambuzi wa kwanza hujaandika? Aa, chukua kalamu.

Halafu hedifoni. Najua niliahidi wiki hii. Sponji ya sikio la kushoto imeanza kuchubuka, nataka nione kama la kulia litafuata. Nipeni wiki mbili. Kama hujajiunga na chaneli, jiunge usiikose.

Ngoja, kabla sijazima kamera, nifute zile nyota tatu... Inataka sababu. Angalau herufi 100. Na boksi bado sijalifungua!