Msiba wa Ousmane Sembène na diski ya Mandabi

Tangu Ousmane Sembène, mwandishi na mwongozaji filamu wa Senegal, alipofariki dunia mjini Dakar tarehe 9 Juni 2007, akiwa na umri wa miaka 84, wengi wetu tumemwomboleza kwa kumtaja kuliko kwa kumtazama. Riwaya zake zilipatikana, lakini filamu zilisimuliwa tu na waliobahatika kuziona, au zilitufikia katika nakala zilizofifia ambazo hata sauti yake ilikuwa ya kubahatisha. Alikufa pia bila kuitengeneza filamu ya Samori Touré, mtawala wa Afrika Magharibi aliyepigana na Wafaransa, aliyoipania kwa miaka mingi, na pengo hilo halitazibwa na mtu. Kwa hiyo toleo la diski la filamu yake Mandabi, lililotolewa mwaka 2021 na kampuni ya Criterion ya Marekani, nimelipima kwa kuangalia kama linamtendea haki marehemu. Kwa picha na sauti linamtendea haki kabisa. Kwa namna linavyowafikia watu wake, bado.

Mandabi ya mwaka 1968 ndiyo filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa kwa Kiwolofu, lugha ya Senegal, na kwa kuwa sehemu ya fedha ilitoka Ufaransa, Sembène alilazimika kupiga pia toleo la Kifaransa. Ibrahima Dieng, mtu mzima asiye na kazi, mwenye wake wawili na watoto tele, anapokea hundi ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara za Paris. Kati ya fedha hizo 2,000 tu ndizo zake. 3,000 ni za mama wa kijana, na 20,000 anatakiwa kumtunzia mwenyewe. Ili alipwe anadaiwa kitambulisho, na ili apate kitambulisho anadaiwa cheti cha kuzaliwa, na huku akizungushwa ofisi hadi ofisi, majirani wamekwisha kusikia habari za hundi na kila mmoja anakuja na shida yake.

Filamu imesafishwa kwa ubora wa 4K, na faida yake inaonekana tangu mwanzo, pale vinyozi wa mtaani wanapowanyoa wateja hadharani. Kamera inausogelea uso wa Dieng mpaka unauona wembe ukipita juu ya ngozi na ncha yake ikiingia puani kukata vinyweleo, naye ametulia kwa heshima zote kama bwana mkubwa. Katika nakala mbovu tukio hilo lilikuwa kichekesho cha kupita. Hapa linamtambulisha Dieng mzima mzima: majivuno yake, starehe yake ndogo, na jinsi anavyoikabidhi shingo yake kwa mtu mwingine bila wasiwasi, jambo litakalomponza baadaye mbele ya watu wenye kalamu na mihuri. Makhouredia Gueye anamwigiza Dieng kwa mwendo wa kujidai unaopungua kidogo kidogo, na usafi wa picha unakuwezesha kulifuata badiliko hilo hadi kwenye mabega yake.

Katika nyongeza kuna Tauw, filamu fupi ya Sembène ya mwaka 1970 kuhusu kijana anayehangaika kutafuta kazi Dakar, na hiyo peke yake inatosha kuhalalisha ununuzi. Anayenunua Blu-ray, yaani diski yenye picha bora kuliko DVD, anapata pia hadithi ambayo Sembène aliiandika kwanza kabla ya kuigeuza filamu. Kuna vilevile vipande ambavyo havikutumika katika filamu ya makala ya mwaka 2015 kuhusu maisha yake. Vipande hivyo nashauri vitazamwe mwisho, kwa sababu sifa za marehemu hukolea kwa yule aliyekwisha kuiona kazi inayosifiwa.

Kasoro inayoniuma ni ya lugha. Sembène aliingia katika sinema, akaenda kusomea Moscow akiwa mtu mzima na mwandishi mwenye jina, kwa sababu alitaka kuwafikia watu wake wasiojua kusoma. Tafsiri inayoandikwa chini ya picha katika diski hii ni ya Kiingereza pekee, kwa hiyo Mwafrika asiyejua Kiwolofu wala Kiingereza anabaki nje ya mlango uleule ambao marehemu alijitahidi kuufungua. Isitoshe, Blu-ray imefungwa kwa ukanda A, yaani inasomwa tu na vicheza diski vya sehemu fulani za dunia, na Afrika haimo katika ukanda huo. Mnunuzi ahakikishe kwanza kwamba kicheza diski chake kinasoma kanda zote.

Mwenye uwezo ainunue, kisha akae nayo pamoja na wengine sebuleni, na yule anayejua Kiingereza awatafsirie kwa sauti wasiokijua, hata kama itabidi kuisimamisha mara kwa mara.