Vitabu vya fedha, biashara na tabia: kipi ununue, kipi uazime, kipi ukipite

Kitabu cha kununua kwanza ni kile kinachogusa shida uliyo nayo mwezi huu. Hicho kinachopigwa picha na kila mtu pembeni ya kikombe cha kahawa kinaweza kusubiri. Ukisimama kwenye meza za wauza vitabu mjini Dar es Salaam, au ukienda kwenye "inama" za Nairobi, ambako vitabu vimetandazwa chini na mteja anainama kuchagua, utakuta majalada ni yale yale. Muuzaji atakwambia vyote ni moto. Yeye anauza, usimlaumu.

Nimevipanga kwa swali moja: ukikimaliza Jumapili usiku, kuna jambo utakalolifanya Jumatatu ambalo Jumatatu iliyopita hukulifanya? Nimetazama pia urefu na ugumu wa lugha, maana vingi ni vya Kiingereza. Umaarufu sikuuhesabu kabisa.

1. The Richest Man in Babylon, cha George S. Clason

Kilitoka Marekani mwaka 1926. Kabla ya kuwa kitabu, vilikuwa vijitabu vya kuhimiza kuweka akiba, vikigawiwa na mabenki na kampuni za bima. Ndiyo maana ni kifupi, ni hadithi tupu, na mtu asiye na mazoea ya kusoma anakimaliza. Kiingereza chake kinaigiza Biblia za zamani. Kinasumbua kurasa za mwanzo, baadaye sikio linazoea.

Wengi hukumbuka somo la kwanza tu: sehemu ya kumi ya kila unachopata ni yako, jilipe kabla hujamlipa mwenye duka. Sawa. Lakini kilichonifanya nikiweke juu ni habari za Dabasir, mfanyabiashara wa ngamia aliyekopa hadi akaukimbia mji, akaishia utumwani, kisha akarudi kuwakabili waliokuwa wakimdai. Anaandika madeni yake jina kwa jina, jumla vipande 119 vya fedha na 141 vya shaba. Halafu anagawa kipato: sehemu moja kati ya kumi akiba, saba za kula na kuishi, mbili za wadai, kila mwezi, bila kumruka mtu.

Sasa ulete mpango huo Buguruni. Mtu anaingiza laki sita kwa mwezi, anadaiwa na kikoba, na Mangi wa dukani, na wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali. Elfu sitini anaficha. Laki nne na ishirini ndiyo kodi, chakula, nauli na ada. Laki moja na ishirini inakwenda kwa wadai, kila mmoja kwa kadiri ya deni lake. Hapo utaona pia kitabu kinapopwaya: riba ya kausha damu inatembea kwa wiki, na kwa maoni yangu hao ndio wa kuanza nao, hata kama Dabasir angemgawia kila mdai fungu lake.

Bado naipenda ile safari yake ya kupita kwa wadai mmoja mmoja na hesabu mkononi. Wengine wanamtukana, mwenye nyumba anatishia kumletea balaa, wengine wanamwelewa. Vitabu vingi vya fedha vinairuka aibu hii na kukimbilia uwekezaji, kana kwamba msomaji hadaiwi na mtu.

2. The E-Myth Revisited, cha Michael Gerber

Hiki ununue kama tayari una biashara. Kama bado unawaza, kiache kwanza.

Gerber anamfuata mwanamke anayeitwa Sarah, fundi hodari wa kuoka pai, aliyefungua duka akafika mahali anachukia hata harufu ya pai. Alijua kuoka, akadhani ndiyo anajua biashara ya kuoka. Hoja ni kwamba ndani ya kila mwenye biashara ndogo kuna watu watatu wanaogombana: fundi anayependa kazi, meneja anayependa utaratibu, na mjasiriamali anayeota makubwa. Kwa wengi wetu fundi ndiye anayeshika usukani, wengine wawili wamelala.

Mchukue mama mwenye mgahawa wa chapati na maharage. Akiwepo, watu wanajaa. Akienda msibani Tanga siku nne, chapati zinakauka, chumvi inazidi, na wateja wanagundua kumbe upande wa pili wa barabara nako kunapikwa. Dawa ya Gerber ni daftari: kilo moja ya unga inatoa chapati ngapi, mafuta kiasi gani, donge lipumzike muda gani, mteja akikuta zimeisha aambiwe nini. Wapishi wengi watakujibu kwamba siri ya mkono haiandikwi. Gerber naye atajibu kwamba kama kazi haiendi bila wewe, basi huna biashara, una ajira, na bosi wako ni wewe mwenyewe.

Kasoro zake? Mazungumzo na Sarah yanavutwa mpaka yanachosha, na sifa anazoimwagia McDonald's zingepunguzwa nusu. Ruka. Daftari usiliruke.

3. The Psychology of Money, cha Morgan Housel

Sura zake ni fupi, unaweza kusoma moja ndani ya daladala ukaimaliza kabla ya kituo. Kilitoka 2020. Hakina mbinu nyingi. Kinaeleza kwa nini watu wenye akili hufanya ujinga na pesa. Mfano wake maarufu ni Ronald Read, mzee wa jimbo la Vermont aliyefanya kazi kituo cha mafuta na baadaye ya usafi. Alipofariki mwaka 2014 akiwa na miaka 92, aliacha zaidi ya dola milioni 8, nyingi akiziachia hospitali na maktaba ya kwao. Hakurithi, hakucheza bahati nasibu. Alinunua hisa na kuziacha zikae miongo.

Msomaji wa hapa atasema hisa za Marekani zinamhusu nini. Ni swali la haki, na Housel hamsaidii. Itabidi ulifanyie kazi mwenyewe: kwa aliye Tanzania, mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS na hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba; kwa aliye Kenya, Soko la Hisa la Nairobi, au hatifungani za serikali, kama ilivyokuwa M-Akiba, iliyozinduliwa 2017 kwa kima cha chini cha shilingi 3,000. Kanuni ya kuacha pesa ikae inafanya kazi popote, mradi mfumuko wa bei haujaila na ndugu hawajajua ilipo.

4. Atomic Habits, cha James Clear

Cha 2018, na pengine ndicho kinachorudufiwa kuliko vyote mitaani. Wazo lake la msingi lingetosha kurasa thelathini, lakini limeandikwa vizuri kiasi kwamba humuonei mwandishi kinyongo. Usijiwekee lengo kubwa, panga mazingira. Tabia mpya ianze na kitendo cha dakika mbili. Ifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku: ukishafunga duka, kabla hujazima taa, andika mauzo ya leo. Mstari mmoja unatosha.

Kinamfaa anayeanza mambo na kuyaacha. Kama shida yako ni kipato kidogo, hakitakupa kipato.

5. I Can, I Must, I Will, cha Reginald Mengi, na Beyond Expectations, cha Njenga Karume

Nimeviweka pamoja kwa sababu vinafanya kazi moja: vinakutoa kwenye mifano ya Chicago na kukurudisha Machame na Kiambu. Mengi, tajiri wa Tanzania, alikuwa mhasibu mwenye cheo kikubwa kwenye kampuni ya kimataifa ya ukaguzi, akaanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake kabla ya IPP kuwa kampuni unayoijua. Kitabu kilitoka 2018, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Cha Karume, tajiri wa Kenya, ni cha 2009, nacho kinaanzia kwenye biashara ya mkaa. Hata jina lake refu linautaja.

Humu ndimo utakamokuta vitu ambavyo Mmarekani haandiki: leseni, siasa, serikali inayobadili sera usiku, umuhimu wa kujulikana na watu. Lakini soma kwa jicho la mnunuzi. Tajiri akiandika maisha yake huchagua la kusema, na kwenye kurasa ambazo mambo yananyooka upesi mno, jiulize nani alifungua mlango. Bila tahadhari hiyo ningevishusha ngazi moja.

6. How to Win Friends and Influence People, cha Dale Carnegie

Cha 1936. Kinafundisha kuwa mwema kwa wateja, wakubwa na wadogo: usimkosoe mtu mbele za watu, kumbuka jina lake, mwache azungumze juu ya mambo yake. Aliyelelewa kwa kuwaamkia wazee "shikamoo" na kuulizia hali ya nyumbani kabla ya kutaja shida yake ataona nusu ya kitabu ni mambo ya bibi. Nusu nyingine ni kwa wauzaji, na hiyo bado ina nguvu. Mpe kijana anayeanza kazi ya mauzo au huduma kwa wateja.

7. The 7 Habits of Highly Effective People, cha Stephen Covey

Azima. Ni kizito, cha 1989, na kinahubiri. Isome tabia ya tatu, ile ya kutenganisha jambo la dharura na jambo la maana, kwa sababu simu inayoita ni dharura na hesabu za mwezi ni jambo la maana, na kila siku inashinda simu. Ukiipenda sura hiyo, endelea. Kwa Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, ni mahali pa kuanzia kukitafuta.

8. Rich Dad Poor Dad, cha Robert Kiyosaki

Najua nitasutwa. Ndicho kilichowaingiza vijana wengi wa Afrika Mashariki kwenye mada hii, na wazo moja limekaa: mali ni kinachokuingizia pesa mfukoni, mzigo ni kinachokutoa. Kwa kipimo hicho, kiwanja ulichonunua Kigamboni au Kitengela, ambacho mwaka wa tano huu unalipia kodi ya ardhi na mlinzi wa kufukuza wavamizi, bado hakijawa mali. Ni wazo zuri, umelipata bure hapa.

Baada ya hapo kinabaki kuhamasisha. Hatua za kufuata ni chache, sheria zake za kodi ni za Marekani, na huyo "baba tajiri" amezua mjadala kama aliwahi kuwepo. Moja ya kampuni za Kiyosaki iliomba kufilisiwa mwaka 2012. Hilo peke yake haliharibu wazo, ila linafaa kujulikana kabla hujatoa pesa kwa semina zinazotembea na jina la kitabu.

9. Think and Grow Rich, cha Napoleon Hill

Kipite. Hill alidai tajiri Andrew Carnegie alimtuma mwaka 1908 kuchunguza siri za matajiri. Zaidi ya maneno yake mwenyewe, hakuna ushahidi wa mkutano huo, na Carnegie alikuwa amekufa tangu 1919 kitabu kilipotoka 1937. Kinachobaki ni kuamini kwa nguvu. Watu wetu hawajawahi kupungukiwa na imani. Kinachopunguka ni mtaji na hesabu.

Kama Kiingereza kinakuchosha

Usijilazimishe. Kitabu kisichoeleweka hakimbadilishi mtu. *Timiza Malengo Yako* cha Joel Nanauka kimeandikwa kwa Kiswahili, na mtindo wake ni wa kuzungumza na msomaji wa kawaida. Mimi ningeongeza Shaaban Robert, *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*, ambamo zimo tenzi za kuwausia watoto wake, Hati kwa binti na Adili kwa mwana. Kabla yake kuna Mwana Kupona wa pwani ya kaskazini, aliyemtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858. Mengi katika usia huo juu ya mume na mke hayatampendeza msomaji wa leo, ila kama ni kitabu cha kuongoza maisha, sisi tulianza zamani.

Ukifika kwenye meza ya muuzaji

Nakala ni za aina tatu. Ya dukani, mpya na halali: Nairobi kuna Text Book Centre na Nuria, Dar es Salaam kuna duka la TPH pale Samora na A Novel Idea. Bei inauma, Kenya mara nyingi inavuka shilingi elfu moja. Ya pili ni ya mtumba, kitabu halali kilichosomwa na mtu mwingine. Hii ndiyo naipendekeza kwa wengi. Ya tatu ni ya kurudufu, inayouzwa barabarani kwa chini ya nusu ya bei ya dukani.

Ya kurudufu unaijua ukiifungua katikati. Maandishi yamekaa upande, wino umefifia kwenye ukingo wa ndani, jalada ni jepesi na picha yake imefifia rangi. Pindisha kidogo: gundi ikilia, kurasa zitaanza kutoka kabla hujafika nusu. Pitisha kidole kwenye namba za kurasa, maana nyingine zinaruka kutoka 96 hadi 113 na muuzaji hatakuwepo kesho hapo alipo leo. Mwandishi naye hapati hata senti, na kwa vitabu vya watu wa hapa hapa, kama Nanauka, hilo lina uzito zaidi. PDF za kwenye makundi ya WhatsApp ni hadithi hiyo hiyo.

Kwenye mtumba angalia toleo. Cha Gerber hakikisha jalada lina neno Revisited, ndilo toleo la 1995 lililoandikwa upya. Cha Dale Carnegie kilihaririwa mwaka 1981 na sehemu ya mwisho, ya kuishi vizuri na mwenzi wako nyumbani, ikaondolewa. Ukiikuta nakala ya kabla ya hapo, iliyochakaa na jina la mwenyewe wa kwanza likiwa limeandikwa kwa mkono ndani, ichukue hiyo. Huwa wanaiuza rahisi kwa sababu ya jalada.