TAHADHARI kwa mnaotafuta kampavani huku Uingereza: nimepigwa pauni 8,900 na mtu wa nyumbani

Wadau mlioko huku UK, hasa nyie wenye watoto mnaopiga hesabu za kampavani kwa ajili ya likizo za shule, someni hii kabla hamjatuma hata pauni moja kwa mtu. Ni ndefu, mnisamehe, lakini nikifupisha mtakosa yale ya muhimu.

Nimepigwa pauni 8,900. Hizo ni shifti za usiku za mimi na mama watoto kwa karibu miaka miwili, na aliyenipiga wala sio mzungu wa mtandaoni asiyejulikana kwao, ni mtu tumeongea Kiswahili tangu simu ya kwanza, ananiita kaka, mke wangu anamwita shem. Jina simtaji kwa sababu shauri linaendelea, ila namna anavyofanya nitaieleza yote.

Gari lenyewe ni Nissan NV200 ya 2015, dizeli 1.5, vile vivani vidogo mnavyoviona kila mtaa, mafundi bomba na wapeleka vifurushi ndo wanavitumia. Vikishachoka kazini watu wanavinunua, wanapiga mbao ndani, wanaweka kitanda, jiko dogo la gesi, makabati, wanatoboa madirisha, basi inaitwa kampavani. Wazo lenyewe sio baya na mpaka leo nalitetea, inaegeshwa popote gari ndogo inapoegeshwa, mafuta inakula kidogo, na ukilinganisha na bei ya vyumba Wales mwezi wa nane kwa watu wanne hesabu inajikubali yenyewe.

Tangazo lake lilikuwa limetulia. Nje rangi ya kijani ya mzeituni, ndani mbao nyepesi, vitaa vya manjano, mito, na jikoni kuna birika jekundu la kizamani. Hilo birika mlikumbuke, nitalirudia. Maelezo yanasema tumeijenga mimi na wife kwa mikono yetu, tunaiuza kwa huzuni kwa sababu tunarudi Bongo jumla, kila kitu kinafanya kazi, viti vinne vyenye mikanda, sola, hita ya dizeli, ULEZ free, yaani haitozwi ile ada ya London ya magari yenye moshi mchafu. Bei ilikuwa chini ya zingine kidogo tu, sio chini ya kukutia wasiwasi. Hapo ndo ujanja ulipo, angeweka pauni 4,000 ningejua ni tapeli.

Tumeenda Jumamosi, mji mmoja hapa Midlands. Jamaa katoka na kandambili, karibu karibuni, chai ya tangawizi, maandazi ya moto, watoto wakapanda kitandani hawataki kushuka. Nawaambia ukweli, nilivyokunywa ile chai niliacha kuwa mnunuzi nikawa mgeni, na mgeni haanzi kufunua mazulia ya watu.

Na msidhani nilienda kichwakichwa. Nilikuwa nimelipa kama pauni 20 za kucheki historia ya gari, ikarudi safi, haidaiwi mkopo, haijaibiwa, haijawahi kuwekwa Cat S wala Cat N, yale makundi ya gari zilizogongwa bima ikazifuta. Nikaingia kwenye tovuti ya serikali nikaangalia MOT zote, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, ni bure unaweka namba ya gari tu, maili zimepanda vizuri mwaka hadi mwaka, hazijarudishwa nyuma. Nimeona nimemaliza kazi. Kumbe zile cheki zote zinaongelea vani. Hakuna hata moja inayoongelea vitu ambavyo mtu kaviingiza humo ndani kwenye gereji yake kwa drili na gundi. Na MOT ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa tisa mwaka uliopita, wakati picha za ujenzi alizokuja kunitumia baadaye zinaonyesha kaanza kazi mwezi wa kumi na moja. Yaani fundi wa MOT alikagua vani tupu yenye viti viwili mbele. Kile kiti cha nyuma na mikanda yake hajawahi kukiona hata siku moja! Mimi tarehe ya MOT niliisoma, nikaona bado ina miezi, nikafurahi.

Kuna na la malipo, hapa nijilaumu mwenyewe. Naweka jina lake na akaunti kwenye simu, app ya benki inaniambia jina halilingani na mwenye akaunti. Namuuliza, anacheka, aah kaka hiyo akaunti ni ya biashara ya wife, endelea tu. Biashara gani? Sikuuliza. Nikatuma 500 za dipoziti, baada ya chai nikatuma 8,400.

Kwenye ile V5C, kadi ya gari ya huku, imeandikwa rangi nyeupe na aina ya bodi ni panel van, yaani vani ya mizigo. Nikamwambia mbona haijaandikwa motor caravan, yaani kampavani, akasema hiyo ni fomu tu unawatumia DVLA, wale wa serikali wanaosajili magari, wanabadilisha. Sio kweli. Tangu 2019 DVLA wamekaza, wanataka gari kwa nje lionekane kampavani, mfano madirisha mawili au zaidi upande mmoja, michoro, reli ya kufungia turubai, au paa refu, na paa la kuinua wao hawalihesabu kama paa refu. Ya kwangu ina dirisha moja kila upande. Kubaki panel van sio kosa lakini mtu akikuambia ni fomu tu ujue anakutania, na rangi ilitakiwa awe ameshawajulisha yeye. Akanipa na ushauri wa bure kuhusu bima: usiwaambie imebadilishwa watakupandishia. Nikamsikiliza! Wiki mbili nimeendesha na bima ambayo ningegonga mtu wangeweza kuikataa kabisa kwa sababu nimewaficha.

Sasa katika hizo wiki mbili tukaenda Barking kwa dada yangu. Watoto wamekaa nyuma kwenye kile kiti, vile viti vyao vya boosta chini, mikanda imefungwa, barabara kuu ya M1 yote tunaimba. Kwenda Jumamosi kurudi Jumapili. Baadaye zikaja bahasha mbili za TfL, mamlaka ya usafiri ya London. Dizeli ili isilipe ULEZ lazima iwe Euro 6, kile kiwango cha usafi wa moshi, hii ni Euro 5, na tangu tarehe 29 Agosti 2023 eneo limemeza mitaa yote ya London, Barking imo. Ni 12.50 kwa siku, usipolipa faini 180, ukiwahi ndani ya siku 14 wanakukata nusu. TfL wana sehemu unaweka namba ya gari inakujibu hapohapo, sikuweka, kwa hiyo hiyo nimeimeza.

Kilichofumua kila kitu ni mama watoto. Yeye ndo alikataa hiyo habari ya kuficha bima, akanipa simu akasema wapigie mbele yangu. Nikapiga. Yule dada wa bima mpole kabisa, anasema sawa, tutumie picha za ndani na karatasi inayoonyesha kiti cha nyuma na mikanda vimefungwa na nani na vimepimwa wapi. Namtumia jamaa meseji, kaka nitumie karatasi ya kiti. Ananitumia picha za ujenzi na emoji za kucheka.

Siku ya 19 tangu ninunue nikaipeleka kwa fundi mmoja anayejenga kampavani, nikamlipa afungue. Wadau. Kile kiti ni boksi la plaiwudi. Mikanda imefungwa kwa bolti kwenye plaiwudi ya milimita 12, na plaiwudi imeshikwa sakafuni na skrubu za mbao. Hakuna bolti hata moja iliyofika kwenye bodi ya gari. Fundi kashika mkanda kwa mkono mmoja kavuta, boksi likanyanyuka upande. Kwa mkono! Hakusema kitu, kaniangalia tu, nami nikaenda kukaa nje kwanza kwa sababu nilikuwa naiona ile M1.

Mengine nitayapitisha haraka maana ukishaona hilo yaliyobaki ni nyongeza. Bomba la moshi la hita ya dizeli limeishia katikati chini ya sakafu badala ya kutolewa pembeni, pembeni yake kuna tundu la waya halijazibwa, yaani moshi unarudi ndani mnapolala. Kuna alamu ya kaboni monoksaidi ukutani, nzuri, nyeupe, fundi kaifungua ndani hamna betri wala sehemu ya betri, ni ganda. Kabati la gesi halina tundu la chini la kutolea gesi, na hii gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni inasubiri kiberiti. Waya umetoka kwenye betri hadi ndani bila fyuzi, mwembamba kama wa spika. Madirisha yamekatwa na kingo hazikupakwa rangi, nyuma ya zulia la ukutani kutu imeshaanza na kuna maji. Na ile sola juu ya paa, ipo kweli, imegundishwa vizuri, waya wake umeingia ndani ukaishia nyuma ya plaiwudi, haujaungwa popote, kama zile barabara za kipindi cha uchaguzi. Vitaa vya manjano vilikuwa vinakula betri ya kuwashia gari.

Nikamwandikia siku hiyohiyo, nairudisha, nirudishie hela yangu. Jibu la kwanza: pole kaka tutaongea. La pili: umenunua ulichokiona, hii ni kuuziana watu binafsi. La tatu ni tiki moja ya kijivu mpaka leo.

Benki nao walinijibu hivi. Kuna utaratibu ulioanza tarehe 7 Oktoba 2024, ukitapeliwa kwa kutuma hela benki inatakiwa ikurudishie, mpaka 85,000. Nikajua nimepona. Wakasema hapana, wewe gari umepewa, unalo, huu ni ugomvi wa mnunuzi na muuzaji, utaratibu hauuhusu. Kwa hiyo tapeli asiyekupa gari kabisa ni afadhali kuliko anayekupa bovu, ndo ilivyo.

Na neno "mtu binafsi" ndo ngao yake, muelewe hili vizuri. Ukinunua kwa mtu binafsi haki zako ni kidogo, gari liwe lake kuliuza na liwe kama alivyolieleza, mengine ni macho yako. Ukinunua kwa mfanyabiashara, Consumer Rights Act ya 2015 inakupa siku 30 za kulikataa gari lenye kasoro na kurudishiwa hela. Ndo maana wafanyabiashara wengine wanajifanya watu binafsi, na kufanya hivyo ni kosa kisheria. Sasa nikakaa usiku mzima natafuta namba yake ya simu kwenye matangazo, nimekuta vani nyingine tano, majina tofauti, hadithi tofauti, moja mtoto amezaliwa, moja anahamia Canada, moja mama mgonjwa. Ua wa tofali ni uleule. Na jikoni kwenye picha zote, birika jekundu! Birika haliuzwi na gari jamani, ni la kupigia picha. Nimezihifadhi zote. Citizens Advice, wale wa ushauri wa bure, walinisikiliza na taarifa wakaipeleka Trading Standards, wanaosimamia sheria za biashara, mimi nimemtumia barua ya mwisho kabla ya madai, na kwa kuwa pesa yenyewe iko chini ya pauni 10,000 tunaenda kwenye mahakama ya madai madogo bila kulipa wakili.

Kwa hiyo anayetaka kununua, uliza MOT iliyofanyika BAADA ya ujenzi, hamna, mwambie aipeleke kwanza ndo mje muongee. Kiti cha nyuma bila karatasi ya kiti kilichopimwa, hesabu kwamba ni kampavani ya watu wawili, na mtoto asipande. Omba picha za ujenzi mapema, mtu aliyejenga vizuri anazo mia na atakuchosha kwa kukuonyesha nyaya zake. Funua zulia, vuta mkanda kwa nguvu zako zote hata kama ameshakupa chai. Angalia anwani ya kwenye V5C na pale mlipokutania, na jina la akaunti. Na kama muuzaji ni wa biashara, lipa hata sehemu ndogo kwa kredit kadi, gari la zaidi ya 100 hadi 30,000 kampuni ya kadi inabanwa nayo pamoja na muuzaji, Section 75 hiyo. Mpeleke fundi wako, mimi niliona pauni 150 za fundi ni nyingi.

Gari sasa liko uani kwangu, siti ya nyuma nimeing'oa. Mdogo wangu wa mwisho alisema nimchafue yule jamaa kwa jina, nimemwambia subiri hukumu.

Jana usiku limetoka tangazo jipya. Safari hii ni Citroen Berlingo, rangi ya bluu, 7,500, wanauza kwa sababu wananunua nyumba. Nimezoom picha ya jikoni. Lipo.